Ofisi ya Mashtaka Kilimanjaro: Kutoka Baraza la Mangi hadi Meza ya Wakili wa Serikali

Ofisi ya Taifa ya Mashtaka Mkoa wa Kilimanjaro ndiyo inayosimama mahakamani kwa niaba ya Jamhuri katika kesi za jinai za Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Makao yake yako Moshi mjini, na kiongozi wake ni Mwendesha Mashtaka Mfawidhi wa Mkoa. Kama taasisi inayojitegemea, ofisi hii bado changa: msingi wake uliwekwa Februari 2018, pale Rais John Magufuli alipoigawa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika sehemu tatu. Kazi yenyewe, hata hivyo, ni ya zamani kuliko jengo lolote la Serikali lililosimama Moshi leo. Mlimani imewahi kushikwa na ndugu wa marehemu, na mangi, na ofisa wa Kijerumani, na bwana DC, na sajenti wa polisi, kabla ya kufika kwa wakili mwenye shahada ya sheria.

Katika mabadiliko hayo yote suala lililogombewa lilikuwa moja: mwenye kesi ni nani? Aliyedhulumiwa, mtawala, au dola? Kila aliyelijibu kwa namna yake alibadilisha pia nani apeleleze, nani ashtaki na nani ahukumu. Kazi hizo tatu zilikaa mikononi mwa mtu mmoja kwa muda mrefu sana, na kuzitenganisha kumechukua zaidi ya karne.

Msomaji aliyezoea habari za Marekani au Ujerumani anahitaji maelezo kidogo hapa. Huko kuna waendesha mashtaka wa shirikisho na wengine wa majimbo, kila mmoja na mamlaka yake. Tanzania si shirikisho. Zanzibar ina Mkurugenzi wa Mashtaka wake, na Tanzania Bara ina wake mmoja tu, ambaye makao yake makuu yako Dodoma. Wakili wa Serikali anayesimama mbele ya hakimu pale Moshi hana mamlaka yake binafsi ya kushtaki. Anatumia ya Mkurugenzi. Jambo hili linaonekana la kiofisi tu, lakini limewahi kuangusha kesi nzima, kama itakavyoonekana.

Shauri la ukoo

Kabla ya ukoloni hapakuwa na Kilimanjaro moja ya kisiasa. Kulikuwa na nchi nyingi za kimangi, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, Mamba na nyingine nyingi hadi Rombo, kila moja na mtawala wake, yaani mangi, na vita vyake. Ugomvi wa mpaka wa kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), wizi wa ng'ombe, kupigana, hata kuua, kwanza yalikuwa mambo ya ukoo. Wazee wa pande mbili walikutana na kusikiliza, na ikibidi shauri lilipandishwa kwa mangi. Damu ililipwa kwa mifugo. Aliyekosa na kutaka kusamehewa alipeleka jani la sale, mmea uleule unaopandwa mpakani mwa vihamba, na kumkatalia mtu aliyeleta sale lilikuwa jambo zito.

Mwenye kesi, basi, alikuwa aliyedhulumiwa pamoja na ukoo wake. Hapakuwa na mtu wa tatu aliyesema, "Hata mkipatana ninyi, mimi nashtaki." Mangi alikaribia kuwa mtu huyo katika mambo machache aliyoyaona kuwa hatari kwa nchi nzima, kama uchawi au kumsaliti yeye mwenyewe, na hapo alikuwa mlalamikaji na hakimu kwa pamoja.

Mengi tunayoyajua kuhusu mfumo huu yaliandikwa na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa Leipzig aliyefika mlimani mwaka 1902 na kutoa kitabu kikubwa kuhusu sheria za Wachaga mwaka 1926. Mwingine ni Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1986. Moore alikuwa mwanasheria kwanza: akiwa kijana alifanya kazi upande wa mashtaka kule Nuremberg, kwenye kesi dhidi ya wakuu wa kampuni ya kemikali ya IG Farben. Huenda ndiyo sababu hakuridhika na hadithi ya mila zisizobadilika. Alionyesha kwamba kile kilichoitwa sheria ya kimila ya Wachaga katika karne ya 20 kilikuwa kimeshafinyangwa na kahawa, uhaba wa ardhi na maofisa wa kikoloni waliokuwa wakikiandika huku wakidai wanakihifadhi.

Wajerumani: kunyongwa kwanza

Wajerumani walipanda Kilimanjaro mapema miaka ya 1890. Mwaka 1891 Hermann von Wissmann alimpiga Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Old Moshi aliwashinda Wajerumani vitani, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Meli mwenyewe alishindwa.

Katikati ya vita hivyo kuna kisa ambacho mwandishi wa historia ya mashtaka Kilimanjaro hawezi kukiruka, ingawa kesi yake ilisikilizwa Ujerumani. Carl Peters, aliyepewa ukamishna wa eneo hili, alikaa Marangu. Mwishoni mwa 1891 alimnyonga mtumishi wake, Mabruk, kwa kosa lililoandikwa kuwa wizi. Mapema mwaka 1892 akamnyonga Jagodia, mwanamke wa Kichaga aliyekuwa akikaa kwenye kituo chake na kujaribu kutoroka. Yeye aliitwa jasusi. Uvumi kwamba sababu hasa ilikuwa wivu ulifika Berlin. Mwaka 1896 August Bebel, kiongozi wa Wasoshalisti, alilifikisha suala hilo bungeni, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya watumishi wa Serikali ikamtia Peters hatiani kwa kutumia vibaya madaraka yake, akafukuzwa kazi.

Kwa hiyo mashtaka ya kwanza yanayojulikana ya dola ya kisasa kuhusu vifo vilivyotokea Kilimanjaro yalimhusu mkoloni, yalisikilizwa maili elfu kadhaa kutoka Marangu, na hayakuwa ya mauaji bali ya nidhamu. Hakuna ndugu wa Mabruk wala wa Jagodia aliyesikilizwa. Wala adhabu haikudumu. Kaiser alimrudishia Peters heshima yake hatua kwa hatua, na mwaka 1937, miaka mingi baada ya kufa, Serikali ya Hitler ilimsafisha kabisa.

Kelele hizo za bungeni zilizaa kanuni. Tarehe 22 Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa amri juu ya adhabu kwa wenyeji wa makoloni ya Afrika: viboko, faini, kifungo na minyororo, na kifo, ambacho kilihitaji kuthibitishwa na Gavana. Kiwango cha juu cha viboko kwa mara moja kiliwekwa kuwa 25, na kote nchini watu wakakikumbuka kwa jina la hamsa ishirini. Mwendesha mashtaka hakutajwa. Mkuu wa boma alisikia lalamiko, akahoji, akaamua, akasimamia viboko vikipigwa. Siku ya shauri ilikuwa ya mtu mmoja.

Jinsi kanuni hizo zilivyokuwa nyepesi ilionekana Machi 1900. Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, alipokea taarifa kwamba baadhi ya wamangi wanapanga uasi. Tarehe 2 Machi watu 19 walinyongwa Old Moshi, wakiwemo Mangi Meli, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Taarifa za fitina kutoka kwa wapinzani wao zilitosha kuwa ushahidi. Wajukuu wa Meli wameendelea hadi karne hii kudai kichwa chake kilichoaminika kupelekwa Ujerumani. Old Moshi mti unaosemekana alinyongewa hapo bado unaonyeshwa kwa wageni.

Bwana DC na kofia zake

Waingereza waliichukua Moshi Machi 1916. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa, na sheria za jinai za India zikaletwa kama zilivyo, hadi mwaka 1930 zilipowekwa kando na Kanuni ya Adhabu iliyoigwa kutoka Queensland, Australia. Kanuni hiyo, ambayo leo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, bado ndiyo inayotajwa kwenye hati nyingi za mashtaka zinazosomwa Moshi.

Kwenye karatasi kulikuwa na Mwanasheria Mkuu Dar es Salaam mwenye mamlaka juu ya mashtaka yote. Moshi kulikuwa na bwana DC, ofisa wa wilaya wa Kiingereza. Huyo alikusanya kodi, alisimamia barabara, alikuwa bosi wa wamangi, na asubuhi nyingine alikaa kama hakimu. Aliyesimama mbele yake kushtaki alikuwa polisi, mara nyingi yuleyule aliyemkamata mshtakiwa. Kesi za mauaji zilisubiri jaji wa Mahakama Kuu apite katika ziara zake, akiketi na wazee wa baraza, na wakili wa Serikali akija naye.

Mwaka 1933 London ilituma tume chini ya Sir Grattan Bushe kuchunguza uendeshaji wa haki za jinai Kenya, Uganda na Tanganyika. Tume iliona yaliyokuwa wazi: watawala wasiosomea sheria wanahukumu, washtakiwa hawana mawakili, Mahakama Kuu iko mbali. Ikapendekeza majaji na mahakimu wa kweli wasogezwe karibu. Maofisa wa utawala walipinga vikali, wakidai mwananchi hawezi kuelewa mtawala ambaye pia si hakimu, na mapendekezo mengi yakawekwa kabatini. Hoja hiyo ilidumu miaka 30 zaidi.

Chini ya DC kulikuwa na mahakama za wamangi. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa kabisa chini ya Mahakama Kuu. Rufaa zilikwenda kwa DC, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Kesi nyingi za watu wa kawaida mlimani, pombe, wizi mdogo, matusi, kodi, zilianzia na kuishia hapo. Hapakuwa na wakili wala mwendesha mashtaka. Mangi na karani wake walitosha, na faini iliingia kwenye hazina ya mangi mwenyewe. Ni rahisi kuona kwa nini mashtaka ya aina fulani hayakupungua.

Na dola ilipoona mahakama zinachelewesha, ilikuwa na njia ya mkato. Mwaka 1937 wakulima waliochoka kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, yaani KNCU, walishambulia majengo ya chama sehemu mbalimbali za mlima. Serikali ilijibu kwa askari na ndege, na waliotajwa kuwa vinara wakahamishwa kutoka Uchagani kwa amri ya utawala. Pale Gavana anapoweza kumwondoa mtu kwao bila kuthibitisha kosa, mwendesha mashtaka hana kazi.

Miaka ya 1950 ilileta mabadiliko ya juu juu. Wachaga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951, na mahakama za kimila zikawekwa chini ya sheria mpya ya mwaka huohuo. Mwaka 1960 kura ya wananchi ikauondoa umangi mkuu. Mwaka 1963 Bunge la nchi huru lilifuta mamlaka ya machifu kisheria na kupitisha sheria ya kuunganisha mahakama zote. Kuanzia 1964 mahakama ya mwanzo, ya wilaya na Mahakama Kuu zikawa ngazi za mfumo mmoja. Mangi akavuliwa uhakimu, na DC mpya, sasa mkuu wa wilaya, akavuliwa pia. Kiti cha hakimu kilikuwa kimetenganishwa na utawala. Kiti cha mshtaki kilibaki kwa polisi.

Polisi mahakamani kila asubuhi

Kwa zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru, mtu aliyeingia Mahakama ya Hakimu Mkazi Moshi au ya wilaya kule Same alimkuta mwendesha mashtaka akiwa na sare. Mashauri yaliandikwa kwa herufi ileile R: zamani ilisomeka Rex au Regina, yaani Mfalme au Malkia, baada ya Desemba 1962 ikasomeka Jamhuri, na jalada likaendelea kama kawaida. Mawakili wa Serikali walikuwa wachache na walijitokeza zaidi Mahakama Kuu. Mkurugenzi wa Mashtaka alikuwepo, lakini kama idara ndani ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambaye ni mshauri wa sheria wa Serikali na huhudhuria vikao vya Baraza la Mawaziri.

Tusiwadharau waendesha mashtaka wa polisi. Wengi walizijua taratibu kuliko mahakimu vijana, na walikuwepo hata pale ambapo hakuna mwanasheria aliyetaka kupangiwa kazi. Tatizo lilikuwa nafasi yao. Bosi wa mpelelezi ndiye alikuwa bosi wa mshtaki. Mpelelezi akileta jalada bovu, ni vigumu inspekta kumwambia mkuu wake wa kituo kwamba kesi haisimami, ni rahisi zaidi kusimama mahakamani kila baada ya wiki mbili na kusema, "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika." Sentensi hiyo imewaweka watu mahabusu katika Gereza la Karanga miezi kwa miaka.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuja na magendo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na ukabaki hivyo hadi 1983. Kwa Rombo, ambako shamba la mtu na duka la jirani yake vinaweza kuwa katika nchi mbili, kufungwa huko kulifanya biashara ya jana kuwa kosa la leo. Kahawa ilivuka kwenda, sabuni na nguo zikavuka kuja. Mwaka 1983 vita dhidi ya wahujumu uchumi vilipewa sheria yake na mahakama maalumu isiyoruhusu dhamana, wakili wala rufaa kwa mahakama za kawaida. Sheria hiyo haikufikisha miaka miwili. Mwaka 1984 nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga, ambayo ilirudisha kesi kwenye mahakama rasmi na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ufunguo: hakuna kesi ya uhujumu uchumi inayoanza bila kibali chake. Mwaka 1985 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ikampa pia, katika kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 91, uwezo wa kuiondoa kesi mahakamani wakati wowote kabla ya hukumu.

Ofisi inapata mwili wake

Mabadiliko ya kikatiba yalikuja mwaka 2005. Marekebisho ya 14 ya Katiba yaliongeza Ibara ya 59B, inayosema kutakuwa na Mkurugenzi wa Mashtaka anayeteuliwa na Rais, mwenye sifa za uanasheria kwa muda usiopungua miaka 10, na kwamba katika kazi yake atakuwa huru na hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote. Anapaswa kuzingatia mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mwaka 2008 Sheria ya Huduma ya Taifa ya Mashtaka, Sura ya 430, iliipa ibara hiyo mikono na miguu, na ndipo mawakili wa Serikali walipoanza kuchukua nafasi za polisi katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, mkoa baada ya mkoa. Eliezer Feleshi ndiye aliyeiongoza ofisi katika hatua hizo. Biswalo Mganga alimfuata mwaka 2014, na Sylvester Mwakitalu mwaka 2021. Februari 2018 ofisi ilitoka rasmi chini ya Mwanasheria Mkuu, ikawa na bajeti na watumishi wake. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikifungua pia ofisi za wilaya, ili jalada la Tarakea au Same lisisubiri gari la kwenda Moshi.

Safari ya jalada ndiyo inayoonyesha mfumo unavyofanya kazi. Mtu ameuawa Rombo, tuseme. Kituo cha polisi kinafungua jalada na kulipa namba. Mwili unachunguzwa na daktari, na kama kuna sumu inayoshukiwa, sampuli zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ya kanda iko Arusha. Mtuhumiwa anafikishwa mahakamani, anasomewa shtaka, na kuambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Kuanzia hapo karandinga litampeleka na kumrudisha kila tarehe ya kutajwa kesi, huku jalada likipanda na kushuka kati ya polisi na wakili wa Serikali. Wakili analisoma na kuandika maelekezo: shahidi huyu aulizwe tena, ramani ya tukio haijachorwa, aliyepokea kisu hakutia saini. Kila kielelezo lazima kiwe na mnyororo wa watu waliokishika. Jalada likikamilika, taarifa ya mashtaka inapelekwa Mahakama Kuu, Moshi, mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi, na shauri linasubiri kupangiwa kikao. Zamani jaji hakuweza kuisikiliza kesi kama hiyo bila wazee wa baraza. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliliondoa sharti hilo.

Mwaka huohuo 2022 sheria iliwazuia waendesha mashtaka kufungua kesi zinazosikilizwa na mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika. Kwa makosa makubwa, kama mauaji, kizuizi hicho hakipo, na "upelelezi haujakamilika" bado inasikika.

Uzito wa saini

Kesi za uhujumu uchumi ndizo zilizoifundisha ofisi hii, kwa maumivu, kwamba mamlaka yake ni ya kuazima. Mkoa una Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, una Mkomazi upande wa Same, una mpaka wa Holili na njia za panya zisizohesabika. Nyara za Serikali, kwa mfano, huwa kesi za uhujumu uchumi. Ili mahakama ya kawaida isikilize kesi hiyo, Mkurugenzi lazima atoe kibali, na pia hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka. Sheria inamruhusu kukasimu kazi hiyo kwa maofisa wa mikoani, lakini kibali anachokitoa mwenyewe kina kifungu chake na kile cha ofisa aliyekasimiwa kina kingine. Mahakama ya Rufani, katika mikoa mbalimbali ya nchi, imefuta mienendo ya kesi zilizokwisha kusikilizwa mashahidi wote na watu kuhukumiwa miaka 20, kwa sababu wakili mfawidhi alisaini kibali akitaja kifungu cha bosi wake. Mtu wa kawaida ataona ni ubishi wa vifungu. Kwangu mimi majaji walikuwa sahihi: anayeazima mamlaka makubwa hivyo lazima aonyeshe alikoazima.

Mahakama zimepunguza mamlaka mengine pia. Kwa miaka mingi Mkurugenzi aliweza kuzuia dhamana kwa kuwasilisha hati tu, akisema usalama au maslahi ya Jamhuri yataathirika, na hakimu hakuwa na la kuuliza. Mwaka 2018, katika shauri lililofunguliwa na wakili Jeremia Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilisema kifungu kilichompa uwezo huo kinakwenda kinyume cha Katiba.

Kesi zilizofuatiliwa

Kesi iliyoijaza Mahakama Kuu ya Moshi kuliko nyingine katika miaka hii ni ya mauaji ya Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite, aliyepigwa risasi mchana kweupe Agosti 2013 katika Wilaya ya Hai. Upande wa Jamhuri ulifikisha washtakiwa saba mbele ya mahakama. Julai 2018, karibu miaka mitano baada ya tukio, Jaji Salma Maghimbi aliwatia hatiani watano na kuwahukumu kunyongwa, na wawili wakaachiwa.

Njia tofauti kabisa ilionekana Oktoba 2022. Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa mkuu wa Wilaya ya Hai, alikuwa ameshtakiwa Moshi pamoja na wenzake katika kesi ya uhujumu uchumi. Kesi haikufika kwenye mashahidi. Iliisha kwa makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ulioingizwa katika sheria mwaka 2019, na mahakama ikamwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa mwaka mmoja na kulipa fidia. Watetezi wa utaratibu huu husema unaokoa muda na fedha. Wapinzani huuliza kama mtu aliyekaa mahabusu bila dhamana anakubaliana kwa hiari. Hoja zote mbili ni halali, na jibu hutegemea zaidi kilichomo kwenye jalada kuliko kanuni.

Uwezo wa kuondoa kesi nao uliwagusa watu wa Hai kwa karibu. Kesi ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo na mbunge wa zamani wa Hai, ilisikilizwa Dar es Salaam, lakini baadhi ya matukio yaliyodaiwa yalitajwa kutokea Moshi, na wawili kati ya washtakiwa wenzake walikamatwa Rau Madukani. Mashahidi walishatoa ushahidi na mahakama ilishaona kuna kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi 2022 Jamhuri ikasema haina nia ya kuendelea, na washtakiwa wakaondoka huru bila hukumu ya kuwatia hatiani wala ya kuwasafisha. Sheria haimlazimishi Mkurugenzi kutoa sababu.

Pale ambapo ofisi haifiki

Chini kabisa, katika mahakama za mwanzo za mlimani, wakili wa Serikali haonekani. Huko mlalamikaji aliyeibiwa mbuzi au kupigwa klabuni bado anasimama mwenyewe, anasimulia, anawaita mashahidi wake na kumhoji mshtakiwa mbele ya hakimu. Kwa idadi ya watu wanaozipitia, mahakama hizi ndizo haki ya jinai wanayoijua wananchi wengi wa Kilimanjaro. Mtu binafsi anaweza pia kufungua mashtaka kwenye mahakama ya juu yake kwa idhini ya hakimu, ila Mkurugenzi ana haki ya kuyachukua mashtaka hayo na kuyaendesha, au kuyachukua na kuyazima.

Upelelezi ndiyo kazi ya tatu ambayo haijapata makazi ya kudumu. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mkuu wa mashtaka katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda kule Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Moshi. Ripoti yake ya Julai mwaka huo ilipendekeza kiundwe chombo huru cha kitaifa cha upelelezi. Hadi hilo lifanyike, wakili wa Serikali wa Kilimanjaro anaweza kumwandikia mpelelezi maelekezo, anaweza kumkumbusha, anaweza kulikataa jalada lake. Lakini uhamisho, cheo na likizo ya mpelelezi huyo vinaamuliwa na Jeshi la Polisi.